Usingizi wa Uzeeni na Vidonge vya Kuutafuta

Mazungumzo haya ya afya yameandaliwa kwa ajili ya wale waliotimiza miaka 60 na zaidi, pamoja na watoto, wajukuu na majirani wanaoishi nao na kuwatunza. Suala la leo ni usingizi: kwa nini hubadilika mtu anapozeeka, ni wakati gani mabadiliko hayo huwa ugonjwa, na kama vidonge vinavyonunuliwa ili kuuleta vinamfaa mzee au vinamdhuru. Jambo moja litarudiwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa ndilo ambalo familia nyingi hulisahau mzee anapolalamika: kwa mtu wa umri mkubwa kidonge cha usingizi ni hatua ya mwisho, si ya kwanza, na hata kinapolazimu hutolewa kwa dozi ndogo, kwa siku chache, na tarehe ya kukiacha ikiwa imepangwa tangu siku ya kuanza.

Swali la kwanza ni hili: je, mzee anahitaji kulala kwa muda gani? Wengi huamini kwamba uzee huondoa haja ya usingizi, na wengine huamini kinyume chake, kwamba mzee anapaswa kulala usiku mzima bila kushtuka kama alivyolala ujanani. Imani zote mbili zina kasoro. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 7 hadi 8 kwa waliovuka miaka 65, kiasi ambacho hakitofautiani sana na cha mtu wa makamo. Kinachobadilika ni namna usingizi wenyewe ulivyo. Usingizi mzito, yaani ule ambao mtu huitwa asisikie, hupungua kadiri miaka inavyosonga, na nafasi yake huchukuliwa na usingizi mwepesi unaokatizwa na mlio wa mlango, mbwa anayebweka au haja ndogo. Pamoja na hayo, saa ya mwili, ambayo ni kikundi kidogo cha seli zilizo ndani ya ubongo, zinazopokea habari za mwanga kutoka machoni na kuamua ni wakati gani mwili uwe macho na wakati gani upumzike, husogea mbele, na ndiyo sababu mzee husinzia mapema na kuamka mapema.

Mfano wa kawaida utaliweka jambo hili wazi. Mzee anayepanda kitandani saa mbili usiku na kufumbua macho saa tisa usiku amelala saa saba kamili, na usingizi wake umetimia. Huyo hana ugonjwa. Alichonacho ni usiku ulioanza mapema na kwisha mapema, na kinachomfaa ni kuketi na wenzake penye mwanga hadi saa tatu na nusu au saa nne, ndipo akalale. Lakini mara nyingi haiwi hivyo. Mzee hubaki kitandani hadi alfajiri akigeuka huku na huku, asubuhi husema hakulala kabisa, naye mtoto mwenye huruma hukimbilia duka la dawa. Huruma hiyo ni ya kweli, ila dawa iliyonunuliwa imekuja kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Basi ni lini kukosa usingizi huwa ugonjwa? Kitabibu, hali hiyo huitwa sugu pale mtu anaposhindwa kupata usingizi, au anapoupata ukakatika, au anapoamka mapema mno, angalau siku tatu kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, ilhali nafasi ya kulala anayo, na mchana wake ukaharibika kwa uchovu, usahaulifu, hasira au kusinzia. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ina uzito kuliko zote, kwa maana mtu anayelala kidogo usiku lakini mchana akawa mchangamfu, akafanya kazi zake na kuzungumza na watu bila kusinzia, hana cha kutibiwa.

Wasikilizaji, sasa mazungumzo yanafika kwenye kiini chake, na ni vema yasiharakishwe. Kwa mzee, kukosa usingizi mara nyingi hakusimami peke yake bali ni dalili ya jambo jingine, na jambo hilo likitafutwa na kutibiwa, usingizi hurudi wenyewe au hupatikana sehemu yake kubwa. Je, mzee anaamka usiku kwa sababu gani? Swali hilo laonekana dogo, lakini ni wachache wanaomwuliza. Akiamka mara tatu au nne kwenda kukojoa, huenda tezi dume limevimba na kubana njia ya mkojo, huenda sukari ya damu imepanda, au huenda miguu yake huvimba mchana, na maji yaliyokusanyika humo hurudi kwenye damu anapolala na kugeuka mkojo usiku. Wapo pia wazee wa shinikizo la damu na wa moyo wanaotumia dawa za kukojosha, mathalani furosemaidi, ambao huinywa jioni kwa kuwa ndiyo saa wanayokumbuka, kisha usiku kucha wakawa safarini kati ya kitanda na choo. Mzee wa namna hiyo hahitaji kidonge cha kumlaza. Anahitaji daktari au mfamasia ambaye, baada ya kumsikiliza, atambadilishia saa ya kunywa kidonge alichonacho.

Akiamka kwa sababu pumzi imembana na hawezi kulala chali bila kupandisha mito, hiyo yaweza kuwa dalili ya moyo kuzidiwa na kazi, na mahali pake ni hospitali bila kukawia. Akiwa mkoromaji ambaye pumzi yake hukatika kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka kwa kuvuta hewa kwa nguvu, yaelekea ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao vidonge vingi vya usingizi vinaweza kuuzidisha kwa kulegeza koo na kupunguza juhudi ya kupumua. Maumivu ya magoti na mgongo huamsha watu. Dawa ya prednisoloni inayonywewa jioni huwafanya wakeshe. Salbutamoli ya pumu huweza kufanya hivyo pia, na baadhi ya wanaotumia dolutegraviri, dawa iliyoenea sasa katika matibabu ya virusi vya UKIMWI, hupata usingizi mzuri zaidi wakishauriwa na kliniki yao kuinywa asubuhi. Mwisho kuna sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu inayoondoa raha ya mambo yote, ambayo kwa wajane na wagane hujificha nyuma ya maneno mafupi ya kwamba usingizi umepotea. Huyo huamka kabla ya alfajiri akiwa na moyo mzito, naye anastahili tiba ya sonona yenyewe na watu wa kuketi naye.

Kuhusu kahawa na chai ya rangi iliyokolea haihitajiki kusema mengi. Kafeini, kiamshi kilichomo ndani yake, huchukua takriban saa tano ili nusu yake tu itoke mwilini, kwa hiyo kikombe cha kahawa chungu kinachonywewa barazani magharibi bado kimo kazini saa sita ya usiku. Mirungi ni vivyo hivyo, na zaidi.

Sasa ni zamu ya vidonge vyenyewe. Tangu mwaka 1903, dawa za kundi la babituriti zilipoanza kutumika kuleta usingizi huko Ulaya, kila kizazi kimepokea kidonge kipya kwa ahadi kwamba hiki hakina madhara ya kile kilichotangulia. Babituriti ziliua watu wengi kwa dozi zilizopita kiasi, ndipo kundi la benzodaizepini lilipokaribishwa kwa furaha: Librium ilitoka mwaka 1960 na Valium, ambayo ndiyo diazepamu, mwaka 1963, zote kutoka maabara za kampuni ya Hoffmann-La Roche alikofanya kazi mkemia Leo Sternbach. Ni kweli kwamba dawa hizo zina usalama kuliko zile za kwanza, lakini kuizidi dawa hatari kwa usalama hakuifanyi dawa kuwa salama kwa kila mtu, na mzee ndiye wa kwanza kudhurika nazo.

Kwa nini mzee? Diazepamu huyeyuka katika mafuta, na mwili unapozeeka sehemu ya mafuta huongezeka huku misuli ikipungua, nalo ini, ambalo ndilo huvunjavunja dawa, hufanya kazi polepole zaidi. Kwa kijana, nusu ya dawa hiyo hutoka kwa muda wa kama siku moja. Kwa mtu wa miaka 80 nusu hiyo hiyo yaweza kuchukua siku tatu au zaidi. Mzee anayekunywa kidonge kimoja kila usiku, kwa hiyo, hujazwa kama ndoo inayoongezwa maji kila jioni ilhali tundu lake la chini limeziba nusu, na baada ya juma moja au mawili mwili wake unabeba dawa nyingi kuliko aliyeiandika alivyokusudia. Matokeo yake huonekana mchana: hatua zisizo imara, maneno mazito, usahaulifu, na kuanguka. Na kuanguka kwa mzee ni jambo kubwa, kwa kuwa nyonga iliyovunjika humlaza miezi, na wapo wengi ambao baada yake hawarudi tena kutembea bila kushikiliwa.

Je, faida inayopatikana inalingana na hatari hiyo? Mwaka 2005 jarida la tiba la Uingereza lijulikanalo kama BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 24 yaliyofanywa kwa watu wa miaka 60 na zaidi waliotumia vidonge vya usingizi, na ikaonekana kwamba muda wa kulala uliongezeka kwa wastani wa kama dakika 25 tu kwa usiku. Ilikadiriwa kwamba ili mtu mmoja anufaike walihitajika kutibiwa watu 13, ilhali kwa kila watu sita waliotibiwa mmoja alipata madhara. Hayo si mahesabu ya kuwatisha wasikilizaji, bali ni kipimo cha kumwezesha mtu kuamua: dakika 25 upande mmoja, na nyonga upande wa pili.

Zolpidemu na jamaa zake, dawa za usingizi zilizokuja baadaye, hazikuimaliza hadithi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dozi ya kuanzia kwa wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa asubuhi dawa ilikuwa bado imo katika damu, na mwaka 2019 ikaweka onyo zito kuhusu watu wanaoinuka, kutembea, kupika au hata kuendesha gari wakiwa usingizini bila kujua.

Lakini kidonge kinachostahili kuzungumzwa kwa mkazo kuliko vyote ni kile ambacho hakuna anayekiogopa. Ni kile kidogo cha mafua na mwasho kiitwacho klorofeniramini, maarufu kwa jina la Piriton, ambacho hununuliwa kwa bei ndogo bila cheti, na ambacho katika nyumba nyingi mzee hupewa kila usiku kwa sababu kinamsinzisha. Pamoja nacho wapo jamaa zake, prometazini na difenhidramini. Dawa hizi huzuia asetilikolini, kemikali ambayo mwili huitumia kuhifadhi kumbukumbu, kuendesha utumbo na kukaza kibofu, na kwa hiyo mzee anayezitumia huweza kupata kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo uliozuilika kabisa hasa mwenye tezi dume, ukungu machoni, na kuchanganyikiwa akili. Zaidi ya hayo, mwili huzoea athari yake ya kusinzisha baada ya siku chache, wakati madhara yakiendelea. Orodha ya Beers, iliyoanzishwa mwaka 1991 na daktari Mmarekani Mark Beers ili kutaja dawa zisizofaa kwa wazee, na ambayo toleo lake la mwaka 2023 limetolewa na chama cha Marekani cha wataalamu wa afya ya wazee, American Geriatrics Society, inazitaja dawa hizi za mwasho sawa na inavyozitaja benzodaizepini na zolpidemu, kwamba ziepukwe. Kuuzwa bila cheti, basi, si ushahidi kwamba dawa inamfaa kila mnunuzi.

Inafaa kusimama kidogo juu ya kuchanganyikiwa huko, kwa sababu katika jamii zetu hugharimu heshima ya mtu na wakati mwingine uhai wake. Mzee anayeonekana uani usiku wa manane, asiyejua alipo, akisema maneno yasiyoeleweka, aweza kusingiziwa ushirikina na majirani wasiojua kwamba jioni alipewa vidonge viwili vya kumlaza. Wengine huambiwa wameanza ugonjwa wa kusahau, na familia ikakata tamaa, kumbe akili zao zingeweza kurejea dawa ikiondolewa. Kila mzee aliyebadilika akili ghafla achunguzwe upesi na mhudumu wa afya, na swali la kwanza liwe ni dawa gani amekunywa.

Na melatonini je? Hii ni homoni ambayo tezi ndogo ndani ya ubongo huitoa giza linapoingia ili kuujulisha mwili kuwa usiku umefika, na kwa wazee hutolewa kidogo zaidi. Ulaya iliidhinisha mwaka 2007 aina yake inayotoka polepole, ya miligramu 2, kwa waliofikisha miaka 55, nayo haina hatari ya utegemezi kama vidonge vilivyotajwa, ingawa faida yake ni ndogo. Marekani huiuza kama kirutubisho cha chakula, na ndiyo inayofika kwetu ndani ya masanduku ya ndugu wanaorudi likizo. Uchunguzi wa bidhaa 31 uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nyingi zilikuwa na kiasi kilicho mbali na kile kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine kidogo mno na nyingine mara kadhaa zaidi. Nia ya ndugu ni njema, lakini chupa hiyo ifike kwanza mbele ya mfamasia. Pombe haifai kabisa: humlaza mtu haraka na kumwamsha usiku wa manane, na ikichanganywa na diazepamu au na dawa kali za maumivu kama moofini, huweza kusimamisha pumzi.

Ikiwa vidonge ni vya mwisho, cha kwanza ni nini? Tangu mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba wa Marekani kimependekeza kwamba kila mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya mwenendo na fikra, yaani mafunzo ya majuma kadhaa yanayobadilisha mazoea ya kulala na hofu zinazoyazunguka, na wataalamu wa Ulaya wamesema hivyo hivyo. Misingi yake haihitaji mashine. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kusikilizia redio wala kuperuzia simu. Anayejikuta macho kwa muda mrefu ainuke taratibu, aketi penye mwanga hafifu, arudi usingizi unapokuja, wala asitazame saa. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Asubuhi akae nje kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa mwanga huo ndio unaoirekebisha saa ya mwili, na mwenye kusinzia mapema mno apate mwanga wa jioni pia.

Msingi wenye nguvu kuliko yote huwashangaza wengi: mtu anayelala saa sita huku akikaa kitandani saa tisa hupunguziwa muda wa kukaa kitandani ukaribie saa sita hizo, kisha huongezewa kidogo kidogo usingizi unapotulia. Majuma ya kwanza ni magumu na mchana huwa na usingizi, hivyo mwenye kifafa, anayeanguka ovyo au anayeendesha chombo asijaribu hatua hii bila msimamizi, na hakuna anayepaswa kushuka chini ya saa tano.

Huenda msikilizaji akauliza ni wapi kijijini atapatikana mtaalamu wa tiba hiyo. Jibu lenye matumaini lilitoka Pittsburgh nchini Marekani mwaka 2011, ambako wazee 79 walishirikishwa katika jaribio, na waliopata tiba hiyo kwa ufupi waliipata kwa muuguzi aliyefundishwa, kwa kuonana naye mara mbili na kupigiwa simu mara mbili, na waliopona walikuwa wengi zaidi kuliko waliopewa vijitabu vya kusoma. Muuguzi na simu vipo katika zahanati zetu; kinachokosekana ni mafunzo, na wizara za afya za nchi zetu zingefanya jambo la haki kuyaweka katika huduma za wazee.

Neno la tahadhari kwa wale ambao tayari wanatumia diazepamu au jamaa zake kwa miezi au miaka: wasiache ghafla. Kukatisha kwa siku moja huweza kuleta mtetemo, hofu kali, kukesha kuliko mwanzo, na hata degedege. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua kwa majuma au miezi, kwa usimamizi wa daktari, na umri si kizuizi: katika jaribio lililofanywa Quebec, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2014, wazee waliopewa kijitabu kinachoeleza hatari za dawa hizi na namna ya kuzipunguza waliziacha kabisa kwa zaidi ya robo yao ndani ya miezi sita, ilhali wenzao wasiopewa walioacha walikuwa mmoja katika 20.

Wasikilizaji wapendwa, muda umekwisha, na ombi la mazungumzo haya ni moja. Juma hili, kila mwenye mzee nyumbani akusanye dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani, za mizizi na zilizoletwa na wageni, azitie katika mfuko mmoja, afuatane na mzee wake hadi dirisha la wazee la kituo cha afya kilicho karibu au kwa mfamasia, na aulize ipi kati yake inamnyima usingizi, ipi inamsinzisha mchana, na ipi inaweza kupunguzwa. Kabla ya kupata majibu hayo, asinunue kidonge kipya.